Udongo wa Maji ya Moto

Kihesa, Jumapili, 20 Mei 1956

Dresa Silvester wa zahanati amenipa kazi. Niandike kila siku kama mikono imeuma au haikuuma, na hali ya hewa ilikuwaje, kisha baada ya miezi mitatu nimpelekee daftari alisome. Anasema baridi yabisi haina dawa ya kuimaliza, ina dawa ya kuituliza tu, na ili aitulize lazima kwanza aijue tabia yake. Nikamwambia tabia yake naijua mimi, ni ya mgeni aliyesema atalala siku mbili. Hakucheka. Ni kijana mwema lakini hacheki.

Basi, Silvester, mimi ni Rozalia, mke wa Bartholomeo, mzaliwa wa Mbeya, nimeolewa huku Iringa mwaka wa tisa huu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka mwaka juzi, chaki ilipoanza kunidondoka mbele ya watoto. Sasa nakaa nyumbani na kuitazama mikono. Leo: imeuma. Hali ya hewa: upepo, na baridi inajifunza kutembea.

Jumatatu, 21 Mei

Imeuma.

Jumanne, 22 Mei

Imeuma. Upepo.

Alhamisi, 24 Mei

Eva amechelewa shule tena. Ni binti yetu, Evarista, ana miaka minane na hana ndugu. Asubuhi vidole vyangu havikunjuki mpaka vilowe kwenye maji ya moto, na maji hayo ni yeye anayeyachota, ni yeye anayechochea moto, ni yeye anayenishikia kikombe cha uji. Halafu ananigeuzia mgongo nimfunge vifungo vya gauni. Vipo vitano. Vinanishinda vyote vitano, anatoka mbio mgongo wazi mpaka kwa Mwamvita jirani yetu, huko ndiko anakofungwa.

Mwalimu wake ametuma barua. Nimempa Bartholomeo. Ameisoma, ameikunja, ameitia mfukoni, amesema, "Tutaona."

Hilo ndilo neno lake. Ni karani wa mizani kwenye bohari ya pareto, kutwa anapima magunia, nadhani maneno nayo anayapima na kuyaona mazito. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani ni busara.

Jumatano, 30 Mei

Imeuma. Barua ya pili, hii kutoka Igowole, kwa Mama mkwe. Amepata habari za Eva kuchelewa, sijui nani kampelekea. Anauliza kama mjukuu wake ni mwanafunzi au ni mtumishi. Bartholomeo: "Tutaona."

Gogo.

Jumamosi, 2 Juni

Leo nina la kuandika.

Ukuta wa jikoni umepasuka karibu na mafiga, na upepo wa Iringa ukipata ufa hauulizi njia. Nikataka kuuziba. Udongo ulikuwa wa baridi ya kuchoma, nikaugusa nikaruka. Kwenye moto palikuwa na maji ya kuoshea vyombo yanachemka. Nikayamimina humo kwa hasira tu, nikakoroga kwa mwiko mpaka yakapoa kiasi cha kuvumilika, nikazamisha mikono.

Silvester, sikudanganyi. Nilikaa pale nimechuchumaa, mikono imezama mpaka kwenye vifundo, na vidole vikaanza kuachia, kimoja, kingine, kama wanafunzi wanaotoka darasani. Nikasiriba ufa. Ufa ukaisha na udongo ukabaki, nikaendelea kusiriba mahali pasipo na ufa wowote. Kisha nikaanza kupitisha kidole kwenye udongo mbichi, kwenda na kurudi, kama mama yangu alivyokuwa akifanya kwetu kila mvua zilipokwisha. Sikuwa nachora kitu. Nilikuwa nafurahia kwamba kidole kinakwenda ninakokituma.

Eva aliporudi kutoka kisimani nikamwambia ageuke. Nikafunga vifungo viwili.

Jumapili, 3 Juni

Viwili tena. Nimekwenda misa nimevaa glavu za sufu kuficha udongo kwenye kucha.

Jumatano, 6 Juni

Mwamvita ameuona ukuta. Huyu ni mke wa Matano mwenye duka la nguo, watu wa asili ya pwani, ila yeye pwani hajaiona, amezaliwa hapa hapa na anatetemeka na baridi kama sisi. Kazi yake ni kuwapaka hina maharusi. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mama Eva, ulikuwa unafukuza kuku?"

"Nachora."

"Mashallah. Unachora nini?"

Nikasema sijui. Akachutama, akachovya kidole, akanionyesha. Hina huanzia katikati, inakwenda nje. "Ukianza pembeni utafika katikati huna pa kupita, na bibi harusi analia." Akachora jani moja, na jingine limetokea ubavuni mwake. Nikamfuata. Langu lilikuwa na kifundo kilichovimba, kama changu halisi. Tulicheka mpaka Eva akaja kuchungulia.

Haikuuma mpaka jioni.

Jumatatu, 11 Juni

Haikuuma. Hali ya hewa: sikuangalia.

Jumamosi, 16 Juni

Vifungo vinne. Eva ameandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio kabla ya kengele, mara tatu wiki hii.

Jikoni pamejaa. Nimehamia sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango. Udongo mwekundu nachukua kwenye kichuguu, mweupe kwenye kingo za kijito, mweusi ni masizi ya sufuria, na wa njano Mwamvita amenionyesha, upo pale mlima ulipokatwa kupitisha barabara. Nachanganya na maji ya mlenda ili usipukutike. Kila kitu na maji ya moto. Bila ya moto mikono yangu haisogei, na nimejifunza kwamba ninao muda wa nusu saa kabla udongo haujapoa. Baada ya hapo nachemsha tena.

Ninachora njia niliyopita nilipoletwa kuolewa, kutoka Mbeya mpaka hapa, kama nilivyoiona dirishani mwa basi. Milima, ukungu, milima, mashamba. Nina furaha. Naogopa kuiandika, lakini ndiyo hiyo.

Jumatano, 20 Juni

Iliuma usiku. Asubuhi nikachora, ikapungua. Mvuke wa ukungu umekaa mjini mpaka saa nne.

Jumapili, 24 Juni

Bartholomeo amekuwa akipita mbele ya ukuta wangu wiki nzima bila neno. Leo, baada ya chakula, amekichukua kiti chake akakigeuza, akakaa ukuta ukiwa mgongoni. Nimemuuliza kama haupendi. "Sijasema hivyo." Basi unaupenda? "Sijasema."

Nimekuwa nikisema mtu huyu ni gogo. Gogo ukiliwasha moto linatoa hata moshi.

Ijumaa, 29 Juni

Vitano! Vyote vitano!

Jumapili, 8 Julai

Nimekaa jikoni naandika kwa taabu, mistari itanisamehe.

Tulitoka misa tukamkuta Mama mkwe ameteremka kwenye lori la pareto, hakuna aliyejua anakuja. Ana gunia la maharage, jogoo amefungwa miguu, na kaniki nyeusi aliyojifunga tangu Machi, alipofariki mumewe. Nikakimbilia kumpokea. Kwa desturi yao mke wa mwana hupiga magoti anapomsalimia. Yangu yanakubali nusu tu, nikabaki nimeinama katikati kama mtu aliyedondosha kitu.

"Kamwene, Mama."

Hakuitika. Alikuwa ameshasimama kizingitini na ameuona ukuta.

"Rozalia. Baba yenu tumemzika lini?"

"Machi, Mama."

"Matanga tumeanua?"

Nikasema misa ya arobaini ilisomwa, tulikuwepo wote.

"Misa ni ya Padre. Mimi nauliza matanga."

Mimi ni mtu wa Mbeya, nilidhani misa imemaliza. Akanieleza, taratibu, kama anamfundisha mtoto, na ile taratibu yake ilinichoma kuliko angepiga kelele. Kwa ukoo wao mzee akifa, nyumba yake na nyumba za wanawe zinaachwa kama alivyoziacha. Hazisiribwi, hazipakwi rangi. Mahindi mapya yakivunwa inapikwa pombe, matanga yanaanuliwa, na siku hiyo wake za wanawe ndio wanaosiriba nyumba ya marehemu. Hapo ndipo wengine nao wanakuwa huru.

"Nyumba yangu imepasuka," alisema. "Mvua za mwisho zimeniingilia mpaka kitandani. Sijaigusa. Nasema nangoja siku ya mume wangu. Kumbe wewe huku umemchorea sherehe."

Nilimgeukia Bartholomeo. "Ulijua?"

Alitazama viatu vyake. "Nilijua."

Alijua! Wiki tano nimekaa nachanganya udongo mbele ya macho yake, na alijua.

Mama mkwe akasema haingii ndani. Akaketi juu ya gunia lake uani, kwenye ule upepo, akasema atangoja mpaka ukuta utoke. Bartholomeo akachukua jembe bovu, akaanza kuparua. Mama akamwita kutoka nje: "Aliyepaka ndiye abandue." Akaliweka jembe chini. Akaliweka, hivyo hivyo, akatoka nje.

Nikabandua mimi, jikoni kwanza, kisha sebuleni. Udongo uliokauka ni mgumu, na ulikuwa wa baridi. Nilianza Iringa nikarudi nyuma, milima ikaanguka mpaka nikafika kwetu. Eva alikuwa anazoa vipande kwa mikono. Ilipofika saa kumi Mama mkwe akaingia, akala.

Baada ya chakula akasema lililomleta.

"Naambiwa mikono ni mibovu. Sawa. Lakini kama inaweza kuchora milima, kwa nini mtoto anachota maji kungali giza? Na kama haiwezi, basi analelewa na nani? Siku ya kuanua matanga mtakuja wote. Nitabaki naye Igowole. Shule ipo."

Eva alikuwa ameketi hapo hapo. Nilimtazama baba yake.

"Tutaona, Mama," alisema.

Jumatatu, 9 Julai

Imeuma.

Jumanne, 10 Julai

Imeuma. Vifungo hakuna.

Jumatano, 11 Julai

Imeuma. Sisemi na Bartholomeo. Hajagundua.

Ijumaa, 13 Julai

Mama mkwe bado yupo. Leo tulikuwa wawili tu. Anasonga ugali mimi nimekaa nimeikumbatia mikono. Akaipua, akautazama, akasema, "Nimepika mwingi." Nikasema watakula wakirudi. Akasema siyo hapo. Kwake, kule Igowole, tangu Machi kila siku anasonga wa watu wawili. Mkono unapima wenyewe. Nusu anawatupia kuku. "Kuku wamenenepa," alisema.

Kisha akauliza ghafla ule udongo wa njano niliutoa wapi. Nikamwambia, barabarani, ulipokatwa mlima. Akasema, "Hm."

Nilimchukia kwa wiki nzima, na nilikuwa nafanya hivyo vizuri. Sasa ameniharibia. Anamtaka mtoto kwa sababu nyumba yake ni kimya. Hilo nalielewa. Lakini na yangu itakuwa kimya, na mimi hata ugali sitaweza kuusonga.

Jumapili, 15 Julai

Mama mkwe ameondoka. Sakitu imeunguza mboga zote za bondeni, asubuhi majani yalikuwa meupe.

Alhamisi, 19 Julai

Imeuma sana. Eva amefungwa gauni na Mwamvita. Amechelewa.

Mwamvita ameniletea akili yake: matanga yamekataza ukuta, hayajakataza beseni. Basi nimekaa uani, beseni la udongo wa moto mapajani, mikono ndani, kama bata. Wapita njia wananisalimia kwa huruma.

Jumatatu, 23 Julai

Siku ya tano ya beseni. Joto ni lile lile, udongo ni ule ule, na vidole vinaachia kidogo, kisha vinarudi. Haiwi kama zamani. Nilidhani kilichonisaidia ni joto. Sasa naona nilipokuwa nachora nilikuwa natazama mlima, natazama wapi rangi iende, na maumivu yalikuwepo lakini hayakuwa na mtu wa kuyasikiliza. Kwenye beseni tunabaki wawili, mimi na yenyewe, tunatazamana.

Andika hilo kwenye vitabu vyako, Silvester.

Jumamosi, 28 Julai

Silvester anasema uvimbe umefika kwenye vifundo. Ameongeza vidonge.

Jumatano, 1 Agosti

Dereva wa lori ameleta ujumbe wa Kalinga, baba mdogo wa Bartholomeo, ambaye ndiye anasimamia mambo ya marehemu. Kuanua matanga ni Jumamosi, tarehe kumi na moja. Na kuna jambo ambalo Mama mkwe hakunitajia, au alidhani najua: mke wa mwana wa kwanza ndiye anayeanza kusiriba. Ukuta wa mbele, wenye mlango, ni wake peke yake. Wengine hawagusi ukuta mpaka wake ushike.

Mwana wa kwanza ni Bartholomeo.

Kwa hiyo sina haja ya kuulizwa lolote kuhusu mtoto. Nitasimama mbele ya ukoo mzima, nitashindwa kusiriba ukuta mmoja, na jibu watakuwa wamelipata.

Ijumaa, 3 Agosti

Imeuma. Eva ameniuliza kama Igowole kuna kitabu cha darasa la pili kama chake. Nimesema kipo. Ameuliza ni nani atanichemshia maji. Nimetoka nje.

Jumapili, 5 Agosti

Nimemuuliza. Nilishindwa kunyamaza zaidi.

"Ulijua ni mwiko, ukaniacha. Ulitaka nini, nifedheheke?"

Bartholomeo alikuwa anapiga viatu rangi. Alimaliza cha kwanza ndipo akajibu.

"Nilikuja kukwambia. Ile Jumamosi ya kwanza umehamia sebuleni. Nikafika mlangoni nikakukuta unamfunga mtoto vifungo."

"Kwa hiyo?"

"Nikarudi nje."

Nikasema, ndiyo maana ukageuza kiti? Akasema kama haoni, hajui. Kama hajui, halazimiki kunikataza. Alisema hivyo akitazama kiatu. Nina miaka tisa na mtu huyu. Sijui kama nimpige au nimshike mkono, na mkono wenyewe haushiki.

Lakini gogo lenye huruma linabaki gogo. Jumamosi sitahitaji mtu wa kugeuza kiti.

Igowole, Ijumaa, 10 Agosti

Tumefika. Ukungu, huoni hata zizi. Nyumba ya Mama imepasuka kweli, kuna mahali mkono unapita. Kesho.

Kihesa, Jumapili, 19 Agosti

Mwandiko umebadilika, Silvester ataona. Anayeandika ni Bartholomeo, mimi nasema tu. Mikono yangu imefungwa vitambaa na haijashika kitu tangu Jumamosi ile. Nimemwonya asifungue kurasa za nyuma, humo nimemwita majina. Ameapa. Hata hivyo ninamtazama macho.

Siku ile kulipambazuka na baridi ambayo sitaki kuieleza. Wake watatu wa shemeji zangu walikuwa wameshaukanyaga udongo kwenye shimo, kwa maji ya mtoni. Wanaume walikaa upande mmoja kwenye viti, wameshika vibuyu, Bartholomeo akiwa katikati yao na koti lake la Jumapili. Mama mkwe alisimama pembeni ya mlango, Eva ubavuni mwake. Kalinga akasema, "Mke wa mkubwa aanze."

Nikaingiza mikono. Nikatoa donge, nikalibandika, likaanguka, kwa sababu kiganja hakikufunguka kulisukuma. Nikachota jingine. Likaanguka. Mtu akacheka puani. La tatu halikufika hata ukutani. Nikasema, kwa sauti ndogo kuliko niliyoitaka, "Naomba maji ya moto."

"Ya nini?" aliuliza mke wa shemeji yangu wa pili.

"Ya kutia kwenye udongo."

"Udongo siku hizi unapikwa? Tukutilie na chumvi?"

Wakacheka wote. Eva hakucheka. Niliona miguu yake imeanza kwenda jikoni, kama kila asubuhi, na bibi yake akamwahi begani.

"Mwoneni," Mama aliwaambia wanaume. "Mwoneni anavyokimbia. Hilo ndilo ninalolisema siku zote."

Ilikuwa kweli. Nilisimama na matope mikononi, nikaona kwamba Mama hakuwa mbaya, na kwamba nilikuwa ninampoteza mtoto kwa haki.

Hapo Bartholomeo akainuka. Nilidhani anakwenda kujificha, nasema kweli, na aandike hivyo hivyo. Akaingia jikoni. Kwao mwanamume haingii jikoni hata siku ya kawaida, sembuse ya matanga. Wanawake waliokuwa humo walitoka mbio kama ameingia nyuki. Akatoka na debe la maji yanayotoa mvuke, amelikumbatia na gunia, anatembea kwa hatua fupi, maji yanamwagikia koti. Akapita mbele ya baba zake wote.

"Bartholomeo," Kalinga alisema, "kwani huna mke?"

Hakusimama. Akamimina, akachukua fito, akakoroga mwenyewe, akarudi jikoni. Alikwenda mara nne. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka.

Niliusiriba ukuta wa mbele wote. Mikono iliniuma tangu mwanzo mpaka mwisho, asidhani mtu kwamba haikuuma. Wengine walipokwenda kwenye kuta zao, nikabaki pale kwenye mlango, nikaanza kuuzungushia milima kwa kidole, kutokea katikati kwenda nje. Hakuna aliyenizuia. Mama mkwe alisogea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Huo mlima umepinda."

"Milima ya kwetu ndivyo ilivyo, Mama."

Akaivua ile kaniki nyeusi, akaikunja, na nikaona analia, bila sauti, ukuta wake ukiwa mbichi mbele yake.

Pombe iliponywewa, wazee wakaita neno la mtoto. Mama hakurudi nyuma, na sasa sikutaka arudi, kwa sababu alichouliza ndicho na mimi nilikuwa najiuliza. "Leo amefanya, nimeona," alisema. "Leo kuna watu. Huko Kihesa maji ya moto ya kila asubuhi atambebea nani? Mtoto?"

Kalinga akasema matanga yameanuliwa na mtoto akachukue mzigo wake, arudi na wazazi wake. Eva alikuwa ameshaubeba. Likizo ya Desemba ataipitisha kwa bibi yake, hilo nimeliahidi mwenyewe bila kuombwa, na Mama akasema ataanza kunenepesha kuku makusudi.

Mikono ilivimba usiku ule ule. Silvester amekuja, amesema uvimbe utashuka lakini ugonjwa hauendi popote, nisijidanganye. Nimemwambia sijidanganyi. Udongo wa njano umeshaletwa, uko nyuma ya mlango, na matanga yamekwisha.

Nimemwambia Bartholomeo anisomee yote aliyoandika. Amesoma. Kati ya swali la Mama na maneno ya Kalinga ameruka. Nimemwambia arudi aandike. Anasema si vizuri mtu kujiandika mwenyewe. Nimesema daftari ni langu, na asipoandika nitaishika penseli kwa meno.

Mama aliuliza ni nani atakayembebea Rozalia maji ya moto kila asubuhi. Nilisimama mbele ya baba zangu, nikasema: Mimi.